Moshi wa Alhamisi

Nyumba Na. 8, Umnga
Mthatha
Ijumaa, 7 Machi 2025

Bw. Gqeba,

Sikuandikii kwa mapenzi. Nakuandikia kwa sababu kanuni za hapa Umnga zinataka lalamiko liwe la maandishi, na kwa sababu namba yako sitaki ikae kwenye simu yangu.

Jana nilirudi kutoka kwenye ibada ya akina mama, blauzi nyekundu ya kanisa ingali mwilini, nikafungua mlango wa nyuma nikapokewa na moshi. Moshi mzito, mtamumtamu, wa kukaba koo. Umeingia mpaka kwenye mapazia. Ukuta wa uani ni mmoja, upande huu ni wangu na upande ule ni wako. Upande wangu anaishi mume wangu, ambaye hata sigara hajawahi kuishika. Upande wako unaishi wewe. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza.

Ni bangi. Usiniulize nimejuaje. Nilizaliwa misheni, baba yangu alikuwa mchungaji, na namshukuru Mungu kwamba mpaka nimezeeka kitu hicho hakijapita karibu na pua yangu. Lakini mlinzi wa getini ameniambia anakuona barazani na kijitochi cheusi mdomoni, macho umefumba, na majani unayasagasaga kiganjani.

Nilikuwa mwalimu mkuu. Wavulana niliowakuta nyuma ya vyoo na sigara niliwachapa mpaka wakaapa. Wewe siwezi kukuchapa, ila mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na mpangaji si mwenye nyumba. Acha mara moja, la sivyo utahama.

Nokwazi Ndlumbini (Bi.)
Mwenyekiti, Kamati ya Wakazi


Nyumba Na. 7
Jumamosi, 8 Machi 2025

MaTolo,

Nakuita kwa ukoo wako kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Wewe umeniita Bw. Gqeba kama karani wa benki, lakini haya, kila mtu na mama yake.

Mlinzi hakusema uongo. Kijitochi kipo. Binti yangu Yandiswa alininunulia Cape Town, na ningekuwa na aibu nacho nisingekitumia barazani. Sheria ya nchi hii siku hizi inamruhusu mtu mzima atumie bangi yake nyumbani kwake, na mimi ni mtu mzima tangu wewe hujawa mwalimu mkuu wa mtu yeyote.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nilichimba dhahabu chini ya ardhi mpaka vumbi lake likahamia kifuani kwangu. Daktari aliishika picha ya mapafu yangu mbele ya taa akasema, "Baba, moshi basi. Wa kiko basi, wa sigara basi, wa kuni ndio kabisa." Kiko changu nikakitupa siku ile ile. Huyo mtu unayesema anakujazia moshi mapaziani, moshi unamwua.

Hicho kifaa hakichomi kitu. Kina kijishimo kisichozidi kastabani. Nasaga majani, nayatia bila kuyakandamiza, nafunika, nabonyeza, nangoja kitetemeke kidogo mkononi. Kinayapasha moto tu, basi, na ninachovuta ni mvuke. Majani yakitoka yamekuwa ya kahawia, majivu hakuna. Harufu ni kama ya bisi zilizokaribia kuungua, na ukigeuka imekwisha. Maumivu ya mbavu yananipa nafasi, usingizi unakuja. Ni hayo tu.

Kwa hiyo ukinusa moshi, MaTolo, hujaninusa mimi. Nenda katafute penye moto.

Bonakele Gqeba
wa ukoo wa Gatyeni, ukitaka kujifunza adabu


Nyumba Na. 8
Ijumaa, 14 Machi 2025

Bw. Gqeba,

Jana tena! Na sasa nimekujua. Jumatatu hakuna moshi. Jumatano hakuna moshi. Jumapili tukiwa wote nyumbani, hewa safi kama ya mlimani. Alhamisi, siku ya akina mama, mimi nikitoka na Biblia yangu kwapani, ndipo unapowasha tanuri lako. Nikirudi nakuta zawadi yangu. Unanidhihaki mimi, au unamdhihaki Mungu ninayemwomba? Jibu ni moja, ila ningependa nilisikie kinywani mwako.

Nikatafute penye moto? Nyumbani kwangu moto ni wa jiko la gesi na nimelizima mwenyewe. Usinifundishe nyumba yangu.

Hilo somo lako la mvuke na moshi mwambie binti yako. Wavulana wangu pia walikuwa na masomo. Mmoja aliniambia anavuta majani ya chai kwa ajili ya pumu.

Jumamosi ijayo mimi na wajumbe wawili wa kamati tutakuja kukiona hicho kifaa. Uwepo.

N. Ndlumbini (Bi.)


Ijumaa, 14 Machi

Gatyeni, ndugu yangu,

Nakupitishia karatasi hii juu ya ukuta kwa sababu mke wangu yuko dirishani na akiniona nazungumza na wewe itakuwa kesi nyingine.

Ni mimi. Huo moshi ni wangu. Nachoma imphepho gereji kila Alhamisi akienda kwa akina mama.

Utauliza mzee mzima anajificha kwenye gereji yake kuchoma majani ya kuitia wahenga kama mwizi. Wewe hukumjua mwanangu Siyolise. Gari lake lilitoka barabarani kwenye kona za mto Kei, miaka miwili sasa. Tulimzika kwa kanisa, nyimbo nzuri, watu wengi. Lakini hakuna aliyekwenda kule kwenye kona na tawi la kuibebea roho yake, kumwambia "twende nyumbani." MaTolo alikataa. Alisema, "Mwanangu yuko kwa Bwana, hayuko kando ya barabara kama mtu aliyekosa basi." Nikanyamaza. Unajua mimi ni mtu wa kunyamaza.

Sasa namwota. Amesimama kando ya lami ananipungia mkono nisimame, na mimi ndotoni napita. Kila mara napita. Ndiyo maana nachoma imphepho, namwambia avumilie, baba anakuja. Mke wangu haijui harufu ile. Kwao misheni haikuchomwa hata siku moja, na bangi pia haijui, kwa hiyo ameziunganisha.

Kaka yangu mkubwa anakuja Pasaka kutoka Rustenburg, yeye ndiye wa kusema maneno. Tutakwenda Kei, kisha nitamwambia mke wangu kila kitu. Nakuomba unistiri mpaka hapo. Akijua kabla, hataniacha nivuke geti.

Zamuxolo Ndlumbini, wa ukoo wa Mpehle


Jumamosi, 15 Machi

Mpehle,

Wewe mtu una uso gani? Umekaa hapo nyuma ya ukuta umesikia mke wako ananiita mvulana wa vyooni, moshi ni wako, na unaniletea karatasi! Nimeisoma nikataka kuupanda ukuta nikuvute masikio, ila kifua kingenigomea katikati.

Umri wote huo unamwogopa mwanamke mfupi vile.

Sasa sikia. Pale migodini nimeona wazee waliosafiri siku mbili kutoka kwetu, wanafika mlangoni pa shimo na tawi mkononi, hawasalimii mtu, wanamwita mtoto wao kwa jina mbele ya mashine na makelele yote yale. Mabosi walikuwa wanacheka. Sisi tulivua kofia. Mtu anayezungumza na mtoto wake aliyekufa mimi simkati maneno, hata akiwa mwoga kama wewe.

Nitakaa kimya mpaka Pasaka. Pasaka ikipita bila wewe kusema, utanijua.

Gatyeni


Nyumba Na. 8
Jumatatu, 24 Machi 2025

Bw. Gqeba,

Naandika kumbukumbu ya ukaguzi wetu wa Jumamosi ili usije ukasema hayakuwa hayo.

Tulikuta umevaa fulana ya ndani. Mbele ya wanawake wawili.

Ulitoa kifaa mfukoni, si ndani ya kabati, mfukoni, kama mtu anavyobeba leso. Ukatuonyesha ulivyokisafisha kwa pamba na spiriti, ukajisifu kwa usafi wako. Ukakiwasha bila kuombwa. Ukakivuta mbele ya kamati! Nikakuuliza, "Moshi uko wapi?" Ukanijibu, "Hilo ndilo swali langu pia, mama." Mzee Bhokhwe akacheka. Mzee Bhokhwe, mjumbe wa kamati, akauliza kama na yeye anaweza kujaribu kwa ajili ya goti lake.

Nakiri sikuona moshi. Nakiri harufu niliyoinusa pale haikufanana na ile ya Alhamisi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mbele ya kamati unatumia kitochi, na Alhamisi una kitu kingine, kikubwa zaidi, ulichokificha. Nilitazama chini ya sinki. Nitatazama tena.

Na nilipokuuliza uso kwa uso, "Basi huo moshi wa Alhamisi ni wa nani?", wewe mwenye maneno mengi hivyo, ukatazama ukuta. Nimesimama mbele ya watoto waongo kwa miaka mingi, Bw. Gqeba. Najua mtu anayejua jibu akikataa kulitoa anavyofanana. Bhokhwe naye akaanza kukohoa, akasema ana mgonjwa wa kumtazama.

N. Ndlumbini (Bi.)


Nyumba Na. 7
Jumanne, 25 Machi 2025

Bibi Mwenyekiti,

MaTolo nimeacha. Jina la ukoo ni la mtu anayeweza kukaa chini akazungumza.

Fulana ya ndani naivaa nyumbani kwangu. Mngependa suti mngetuma mwaliko.

Mumeo alikuwa uani anamwagilia maua wakati mnafungua makabati yangu. Alimwagilia ua moja mpaka likaelea. Salamu zangu kwake.

Umeona kifaa, umekiri hakina moshi, umekiri harufu si ile. Mtu mwingine angesema, "Samahani, mzee, nimekosea mlango." Wewe umeondoka na imani kubwa kuliko uliyokuja nayo. Ulikuwa unasahihisha mitihani namna hiyo? Basi nawaonea huruma watoto wa Mthatha.

Ndiyo, nilitazama ukuta. Kuna maneno ambayo si yangu kuyasema. Usinichokonoe zaidi ya hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira na ulimi wangu nimeushika kwa meno.

B. Gqeba


KAMATI YA WAKAZI, UMNGA
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kwa Bw. B. Gqeba, Nyumba Na. 7

Kwa kuwa moshi umeendelea Alhamisi zote baada ya ukaguzi, na jana ukiwa mzito kuliko siku zote, kamati imemwandikia mwenye nyumba yako. Amejibu kwamba hataki ugomvi na majirani, na kwa kuwa mkataba wako unakwisha mwisho wa mwezi huu, hatauongeza. Funguo zitaachwa kwa mwenyekiti.

Ulisema umeushika ulimi kwa meno. Endelea kuushika huko uendako.

N. Ndlumbini (Bi.)
Mwenyekiti


Jumamosi, 12 Aprili

Mpehle,

Umeiona? Umeiona barua hiyo? Bila shaka umeiona, imeandikwa mezani kwako.

Nilidhani sheria itanilinda, na kifaa nimeonyesha, na moshi hakuna. Kumbe mwenye nyumba hana haja ya sheria, anasema tu mkataba umekwisha. Nimezunguka mjini jana na leo kutafuta chumba. Vya karibu na hospitali bei zake ni za madaktari. Yandiswa anaishi na watoto katika chumba kimoja kule Cape Town.

Kilichobaki ni kwa dada yangu Nomawisile, milimani kule Flagstaff. Unajua nyumba yake? Ni ile ya duara, moto katikati ya sakafu, anapika kwa kuni asubuhi na jioni, na wakati wa baridi moto hauzimwi. Moshi unatoka ukipenda. Daktari alisema moshi wa kuni ndio kabisa. Na kliniki ya kifua ni hapa mjini, kule hakuna.

Kwa hiyo nafukuzwa kwa moshi ambao si wangu niende nikafe kwa moshi ambao ni wa dada yangu. Uone ilivyo.

Sitamwambia mkeo. Neno nilikupa na silirudishi. Lakini wewe una mdomo. Nenda jikoni kwako leo, simama mbele yake, sema sentensi moja. Hata usiitaje imphepho. Sema tu, "Si yeye."

Gatyeni


Jumatatu, 28 Aprili

Gatyeni,

Kaka yangu hakuja. Mguu wake umevimba, anasema labda mwezi wa sita.

Nilikwenda jikoni kama ulivyosema. Nilisimama. Akaniuliza, "Unataka chai?" Nikasema ndiyo.

Nisamehe ukiweza. Kesho nitakusaidia kupakia vitu, nimemwambia ni kwa ajili ya kuhakikisha huharibu milango.

Zamuxolo


Nyumba Na. 8, Umnga
Mthatha
Ijumaa, 6 Juni 2025

Kwa Bw. Bonakele Gqeba,
kwa Nomawisile Gqeba, Flagstaff

Anwani yako nimeipata kwa mlinzi. Barua hii anakuletea mpwa wake.

Mwezi mzima wa Mei nilitembea humu kama mshindi. Hakuna moshi. Nilifua mapazia. Niliwaambia akina mama kanisani, "Mnaona? Simama imara tu." Wakasema amina.

Jana, Alhamisi, nimerudi, nimefungua mlango wa nyuma, moshi huu hapa. Ule ule. Nyumba yako ni tupu na funguo zake ziko kwenye mkoba wangu. Nilisimama uani na mkoba huo mkononi nikaufungua kuzitazama, kana kwamba funguo zinaweza kuvuta bangi.

Nikafuata pua. Mlango wa gereji haukuwa umefungwa. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, majani yanafuka ndani ya sahani yangu ya keki, na anamwambia Siyolise kwamba baba mkubwa bado mgonjwa, avumilie kidogo. Alikuwa anamweleza kama unavyomweleza mtu aliyekungoja sana na una aibu.

Hakuniona. Nilirudi jikoni nikakaa. Alipoingia nilimwuliza mambo yote na ameyasema yote, pamoja na karatasi za ukutani, na kwamba Mei nzima alijizuia kwa sababu hakukuwa tena na jirani wa kusingiziwa.

Basi ulijua. Ulijua tangu Machi! Ulikaa na fulana yako mbele yangu, unajua kinachofanyika kwenye gereji yangu, na mume wangu, na mtoto wangu, na mimi peke yangu ndiye mjinga. Ulinicheka, eti? Niliandika barua zile zote na wewe unazisoma unajua. Angalau ungeniambia nikakukatalia! Ungenipa nafasi ya kukukatalia. Mtu ananiacha nimfukuze bila kosa, kisha anaondoka na heshima yake, mimi ananiachia aibu hii. Ni ukatili, na nataka ujue nauona hivyo.

Nimemwandikia mwenye nyumba yako. Namba saba ameshawapa watu wengine kuanzia mwezi huu. Nimemwambia nilikosea. Amesema sawa, lakini wameshalipa.

N. Ndlumbini


Flagstaff
Jumamosi, 14 Juni 2025

Bibi Mwenyekiti,

Nimechukua siku tatu kuandika hii. Naandika kidogo, nakohoa, naiweka.

Nilikucheka? Mimi? Nikicheka nazimia. Hapa ni baridi sana na moto wa Nomawisile hauzimwi. Ndani kuna joto na moshi, nje kuna hewa na barafu kwenye majani. Dada yangu ni mtu mwema, ananihurumia, kila nikitoka nje ananifuata, "Kaka, rudi ndani utaumwa." Nikirudi ndani naumwa. Kwa hiyo siku nzima naingia na kutoka kama kuku. Blanketi langu lina moshi, kofia ina moshi, uji una moshi. Juzi nilikohoa mpaka nikaona rangi ambayo sikupenda kuiona.

Kifaa kipo. Umeme umefika hapa, nakichaji vizuri. Lakini kinanisaidia nini? Mvuke msafi naufuatisha na moshi mchafu. Ni sawa na kuoga matopeni.

Unataka kujua kwa nini sikusema. Sikukaa kimya kwa ajili yako, usijipe ukubwa. Wewe ungeniambia ninakisingizia kifo cha mwanao ili kujitetea, na ungeandika hivyo kwenye kumbukumbu za kamati, na ungetia mhuri. Sema si kweli. Nilikaa kimya kwa ajili ya kijana ambaye sikumjua, aliyesimama barabarani. Baba yake alikuwa hajamaliza kusema naye.

Umemwandikia mwenye nyumba kwamba ulikosea. Mimi hujaniandikia hivyo. Nimeigeuza barua yako pande zote mbili nikatafuta. Umeandika kwamba mimi ni mkatili. Haya. Samahani yako sikuiomba na ukiileta sijui nitaiweka wapi, nyumba yenyewe ya duara, haina hata pembe.

Mwache Mpehle achukue tawi lake. Hilo tu ndilo nitakalokuomba maishani mwangu, na nimekuomba.

Gqeba


Nyumba Na. 8, Umnga
Jumatatu, 23 Juni 2025

Gatyeni,

Tumekwenda Kei jana. Baada ya ibada, usije ukadhani nimeacha.

Kaka yake hakuja, Mpehle amesema maneno mwenyewe. Mimi nilibaki kwenye gari na dirisha nimelipandisha. Sikuamini kitu na bado siamini. Nilimwona tu anazungumza na ukingo wa barabara, kisha akarudi na tawi lake la miiba amelikumbatia, akakaa kiti cha nyuma. Njia nzima hakunisemesha, ndivyo inavyotakiwa. Alizungumza na tawi. Kila daraja alilitaja, kila kona. Nilikuwa naendesha mimi, na kwenye makona nilijikuta napunguza mwendo kabisa, malori yananipigia honi. Nilikuwa naogopa litaanguka.

Nimelia mpaka Mthatha. Hilo sikulazimika kukuambia lakini nimekuambia.

Sasa, nilikosea. Nimeandika. Ligeuze upande wowote, liko hapo. Nilikufukuza kwa kosa la nyumba yangu, na nilifurahi nilipokufukuza, na kufurahi kule ndiko kunakoninyima usingizi.

Chumba mjini hakipatikani, nimetafuta na mimi. Kwa hiyo utakaa hapa kwetu. Usianze. Jumamosi Mpehle atakuja na gari na utapanda. Ukimkatalia atarudi bila wewe kwa sababu ndivyo alivyo, halafu nitakuja mwenyewe, na mimi safarini nazungumza. Kliniki ya kifua ina nafasi yako Jumatatu inayofuata, nimekwenda kupanga foleni asubuhi.

Bado sikupendi. Una dharau, na utavaa shati mezani. Kifaa chako utakitumia chumbani na dirisha wazi, na kile kitu cha kahawia kinachobaki utakitupa mwenyewe. Imphepho itachomwa nje, mbali na dirisha lako, nimeshamwambia Mpehle.

Chumba ni cha Siyolise. Hakijafunguliwa tangu siku ile, leo nimekifungua nikapangusa vumbi. Nguo zake nimeziacha upande mmoja wa kabati, usiziguse, tumia upande mwingine. Kitanda ni kifupi. Hakuwa mtoto mrefu. Utajikunja.

MaTolo